Toba ya Walter Bishop

Katika hadithi nyingi za upelelezi mkosaji hukaa upande mmoja na mpelelezi upande wa pili, na kazi ya mtunzi ni kumtembeza msomaji katika giza lililo baina yao hata taa iwashwe na uso uliofichika uonekane. Walakini tamthilia iitwayo Fringe, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha Fox cha Marekani tarehe 9 Septemba 2008 na kukoma tarehe 18 Januari 2013, baada ya misimu 5 na sehemu 100, iliivunja ada hiyo tangu siku ya kwanza, kwa kumketisha mkosaji mkubwa meza moja na wapelelezi, akala nao, akawachekesha, akawasahau majina, na akawa ndiye mwalimu wao. Watu wengi waliipenda kwa maajabu yake, nami siwalaumu, maana mna ndani yake watu wanaopenya ukutani, maiti wanaohojiwa, na ulimwengu wa pili uliokaa sambamba na huu wetu. Lakini mimi, ambaye maajabu hunichosha upesi, niliifuata mpaka mwisho kwa ajili ya mzee mmoja na deni lake.

Kisa chaanza na ndege itokayo Hamburg, ambayo yatua Boston huku abiria wote wamekwisha kufa na nyama zao zimeyeyuka mifupani. Afisa wa FBI, Olivia Dunham, katika kutafuta mtu mwenye ilimu ya balaa la namna hiyo, aelekezwa kwa Daktari Walter Bishop, aliyekuwa mwanachuoni wa Harvard, ambaye kwa miaka 17 amekaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili tangu msaidizi wake alipokufa kwa moto maabarani. Na kwa kuwa hapana aruhusiwaye kumwona mgonjwa yule ila jamaa yake wa damu, Olivia ashika safari mpaka Baghdad kumtafuta Peter, mwana wa mzee yule, kijana mwerevu, mjanja wa mapatano ya gizani, na mwenye kinyongo cha miaka mingi juu ya baba yake. Ndivyo serikali ilivyomtoa kifungoni mtu iliyekwisha kumsahau, ikamfungulia tena maabara yake ya zamani chini ya ardhi, ikamwomba aitegue mitego ambayo mingi yake, kama ilivyokuja kubainika, aliitega yeye.

Jambo la ajabu aliloomba mzee, vumbi lilipokwisha kufutwa mezani, lilikuwa ng'ombe. Akaletewa, akaitwa Gene, akawekwa humo humo baina ya mitungi na vyombo vya umeme, akikamuliwa penye maiti zilizopasuliwa. John Noble, mwigizaji kutoka Australia aliyepewa nafasi hiyo, alimfanya Walter kuwa mtu wa kupenda peremende na vyakula kuliko adabu ya mahali, mtu awezaye kumwita Astrid, afisa kijana aliyewekwa kumsaidia, kwa kila jina linalokaribia jina lake isipokuwa lake lenyewe. Anapoletewa maiti mpya, hapo ndipo pa kuutazama uso ule kwa makini: kwanza macho hung'aa, mikono husuguana, hamu ya kujua humpanda mpaka akasahau kwamba aliyelazwa mbele yake alikuwa na mama, kisha, polepole, hukumbuka ni wapi alipata kuiona kazi ile, maana aghalabu ni kazi yake mwenyewe, aliyoifanya ujanani pamoja na rafiki yake William Bell, na ile furaha hugeuka fadhaa. Furaha hutangulia daima. Mwigizaji mdogo angeanza na majuto ili tumpende. Noble alifahamu kwamba mtu aliyezoea kuyahoji maumbile haachi kufurahi kwa sababu tu jawabu limekuja na damu.

Katika hizo kazi za ujanani, taksiri iliyonikaa rohoni ni ile ya Jacksonville. Katika miaka ya themanini ya karne iliyopita, kwa mujibu wa kisa, Walter na Bell waliwapa watoto wadogo wa mji huo wa Florida dawa waliyoibuni wenyewe, iitwayo Cortexiphan, kwa dhana kwamba mtoto huzaliwa na uwezo usio mpaka, na kwamba ni maisha yenyewe yanayompunguzia kidogo kidogo, basi dawa ile ingeuzuia upungufu huo. Olivia, yule yule afisa anayemwendesha mzee kwa gari kila asubuhi, alikuwa mmoja wa watoto hao, naye hakulijua hilo hata akawa mtu mzima. Mnamo msimu wa kwanza kuna mahali ambapo Walter awasha mkanda wa zamani wa video: chumba kimeungua, mtoto wa kike amejikunyata pembeni, na nje ya picha yasikika sauti ya mwanamume ikimbembeleza. Sauti ni yake.

Mpwa wangu, anayesomea uuguzi, na ambaye ndiye aliyeniletea tamthilia hii, aliisimamisha picha hapo akaniuliza, "Mjomba, hawa watoto nani aliwatilia sahihi?" Nikacheka, nikamwambia kwamba katika tamthilia hapana makaratasi. Yeye hakucheka. Alikwenda chumbani akarudi na fomu ya ridhaa waliyopewa darasani kuwa mfano, akaniwekea mapajani: Kiswahili chepesi, herufi kubwa, sababu ya utafiti, damu kiasi gani itachukuliwa na itapelekwa wapi, sentensi isemayo kwamba mshiriki aweza kujitoa wakati wowote wala asipoteze haki yake ya matibabu, mahali pa dole gumba kwa asiyejua kuandika, na chini yake mstari wa shahidi. Bila ya karatasi hiyo, alisema, na bila ya kibali cha kamati ya maadili, hapa kwetu Tanzania mtafiti hana ruhusa ya kumchoma mtu hata sindano moja. Kisha akaendelea kutazama, mimi nikabaki na swali lake.

Maana watoto wa Jacksonville ni wa kutungwa, lakini watoto wa Waltham walikuwako. Waltham ni mji wa Massachusetts, karibu na Boston, na kutoka Harvard, ilipo maabara ya Walter katika kisa, mpaka huko ni mwendo wa gari usiotimia saa. Palikuwa na shule hapo iitwayo Fernald, taasisi iliyoasisiwa 1848 kwa ajili ya watoto waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili, ingawa wengi waliofungiwa humo katika karne ya 20 hawakuwa na ila nyingine isipokuwa uyatima, ufukara, au kutupwa na waliowazaa. Baina ya 1946 na 1953 wanachuoni wa MIT, kwa msaada wa kampuni ya Quaker Oats, waliwalisha wavulana zaidi ya 70 wa shule ile staftahi ya uji wa shayiri na maziwa, iliyotiwa chuma na kalsiamu zenye mnururisho, ili ijulikane madini hayo hupitaje katika mwili wa mwanadamu. Wavulana waliambiwa kwamba wamechaguliwa kuingia katika Klabu ya Sayansi. Wakaongezewa maziwa, wakapelekwa kutazama mchezo wa besiboli, wakapewa matembezi. Na barua waliyopelekewa wazazi ilizitaja neema hizo, wala haikutaja mnururisho. Insafu yataka isemwe kwamba kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, na waliochunguza baadaye hawakuona dhara kubwa la afya lililotokana nacho. Lakini fikiri mtoto asiye na mtu, ambaye hajapata kuchaguliwa kwa jambo lolote tangu azaliwe, anaitwa jina lake mbele ya wenziwe, anakalishwa kwenye meza yake maalumu, na bakuli lililo mbele yake ndilo sababu ya heshima yote hiyo. Habari zilipofichuka mwishoni mwa 1993 wale waliokuwa watoto walikuwa wamekwisha kuwa wazee. Wakashitaki, na mwaka 1998 MIT na Quaker Oats wakakubali kulipa dola milioni 1.85. Kopo la kampuni hiyo limezoeleka katika majiko ya Ghuba mwezi wa Ramadhani, na nyumba kadhaa za pwani yetu hulitumia kwa supu ya kufuturia. Nami nakiri kwamba yule bwana wa kofia aliyechorwa juu yake, na tabasamu lake, simtazami tena kwa wepesi ule wa zamani.

Wala haikuwa Waltham peke yake. Mwaka 1953 mkuu wa shirika la ujasusi la Marekani, Allen Dulles, aliidhinisha mradi ulioitwa MKULTRA, ambao chini yake watu walipewa LSD na madawa mengine bila ya kujua. Na mwezi wa Novemba mwaka huo huo Frank Olson, mwanasayansi wa jeshi aliyetiliwa dawa hiyo katika kinywaji na wenziwe, alianguka kutoka dirisha la hoteli huko New York akafa, na aila yake ikakaa miaka zaidi ya 20 kabla ya kuelezwa habari ya kinywaji kile. Walter Bishop, katika kisa, alimwomba rafiki yake amkate vipande vya ubongo ili asiweze kukumbuka njia ya mambo aliyoyatenda; wenye MKULTRA hawakuhitaji upasuaji, kwani mwaka 1973 Richard Helms, mkuu wa shirika hilo wakati ule, aliamuru majalada yaharibiwe, na yaliyosalia yakaja kuonekana 1977 kwa kuwa yalikuwa yamehifadhiwa pamoja na hesabu za fedha. Wahasibu, Mungu awape maisha, hawatupi risiti.

Harvard yenyewe, ambayo tamthilia yaifanya kuwa kitalu cha wazimu, ndiyo iliyomtoa Henry Beecher, tabibu wa usingizi wa upasuaji, ambaye mwaka 1966 aliandika makala katika jarida la tiba la New England akitaja mifano 22 ya utafiti uliofanywa na mabingwa wenye heshima zao juu ya watu ambao hawakuelezwa, au hawakuweza kuelewa, wanafanyiwa nini. Miongoni mwao watoto wa Willowbrook, New York, walioambukizwa homa ya ini kwa makusudi. Hakuwataja watafiti kwa majina. Alitaka ada ibadilike, na pengine alijua kwamba majina yangegeuza makala yake kuwa kesi ya watu wachache waovu, na wengine wote wakalala salama.

Nasoma haya nikiwakumbuka wazee wetu na hofu yao ya mumiani. Katika zama za ukoloni, toka Mombasa hata Dar es Salaam na Kampala, watu walisadiki kwamba wako waendao usiku kunyonya watu damu kwa ajili ya dawa za wakubwa, na waliotuhumiwa ni askari wa zimamoto, matabibu, na kila mwenye gari asilolielewa mtu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, kilichotoka mwaka 2000. Vijana waliosoma waliwacheka wazee, na uvumi kwa hakika haukuwa na ukweli. Hata hivyo mtu aliyeletewa sindano na msafara wa watu asiowajua, akatolewa damu, ikatiwa kichupani, ikaondoka, na hapana aliyemwambia inakwenda wapi, alikuwa na haki ya kuuliza. Na asipojibiwa, atajijibu kwa alivyonavyo.

Lakini tamthilia ina shauri zito kuliko hilo, nalo ndilo lililonifanya nisiiache. Walter hakufanya kosa lake kubwa kwa ajili ya ilimu. Alilifanya kwa mapenzi. Mwaka 1985 mwanawe Peter aliugua na kufa, dawa ikiwa haijapatikana. Kwa kioo alichokibuni aliweza kuuchungulia ulimwengu wa pili, akamwona Walter wa huko, mwenye Peter wake aliye hai na mgonjwa, akiitafuta dawa ile ile. Akaiona dawa ikikamilika, na mwenziwe, aliyeshughulishwa kwa nukta moja na mgeni aliyetokea maabarani, asiione. Basi akaitengeneza yeye, akaichukua katika kichupa mpaka ziwa Reiden, lililokuwa limeganda kwa baridi, ili afungue mlango baina ya pande mbili na kumponya mtoto wa mwenziwe. Msaidizi wake, Carla Warren, alimwonya kwamba yako mambo yasiyompasa mja kuyagusa, naye akamjibu kwa ghururi ya mtu aliyekwisha kujifanya mungu wa maabara yake. Na bibi huyo ndiye aliyekuja kufa katika ule moto. Rafiki yake, Nina Sharp, alimshika ili kumzuia, akapoteza mkono wake mlangoni, na katika kushikana huko kichupa kikavunjika. Alipofika upande wa pili bila ya dawa, Walter aliona hapana budi kumchukua mtoto, aje amtibu huku, kisha amrudishe. Mtoto akapona. Mama yake wa huku, aliyemzika wake, akamwona. Hakurudishwa tena, na mpasuko uliofanywa na safari ile ukaendelea kupanuka baina ya malimwengu hayo mawili, ukimeza watu ambao hawakupata kumsikia mtu aitwaye Bishop.

Watazamaji hulia hapa, na ni nani awezaye kuwalaumu? Ni baba, ni mtoto, ni theluji. Lakini upande wa pili kuna mama mwingine aliyeamka akakuta kitanda kitupu, asipate hata maiti ya kuzika, na watunzi, kwa sifa yao, hawakumwachia mtazamaji nafasi ya kumsahau. Katika mizani yangu kosa la Fernald, lililofanywa bila ya mapenzi wala chuki, kwa ajili ya kujua tu uji husagikaje, ni gumu zaidi kulihukumu, kwa kuwa hapana moyo uliowaka mtu akaunyoshea kidole. Na la Walter ni gumu zaidi kulikataa, kwa sababu kila mzazi anajijua.

Msimu wa pili una sehemu iitwayo White Tulip, ambayo wengi huihesabu kuwa bora ya zote. Walter amekwisha kuandika barua ya kumwungamia Peter. Katika upelelezi akutana na Alistair Peck, mwanachuoni wa MIT aliyejipachika mitambo mwilini ili arudi nyuma ya wakati akamwokoe mchumba wake, na amwambia kwamba yeye, ambaye zamani hakuabudu ila ilimu, amemwomba Mungu ishara ya msamaha, nayo ni ua la tulipu jeupe. Mwishowe mzee aitupa barua motoni. Kisha posta yamletea bahasha, na ndani yake mna tulipu jeupe lililochorwa kwa mkono, hiba aliyoiandaa Peck kabla ya kutoweka. Uso wa Noble katika dakika ile wapita maneno.

Nami naisifu sehemu hiyo, lakini kwa sababu isiyowafurahisha wapenzi wake. Ishara ilipofika, barua ilikwisha kuwa majivu. Masheikh waliotufundisha tungali wadogo walituhesabia masharti ya toba, yaani kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirejea. Kisha wakaongeza la nne pale dhambi inapogusa haki ya mja, kwamba haki irudishwe kwa mwenyewe au mwenyewe atakwe radhi, na kabla ya hapo machozi ya usiku kucha hayaondoi dhima. Walter alilipeleka shauri lake juu, akaliruka la chini. Aliyeibiwa alikuwa akilala chumba cha pili, akimpikia, akimvumilia, na hakuambiwa. Katika sehemu iliyofuata tu Peter akagundua mwenyewe, akiwa amelazwa hospitalini, akamwuliza baba yake, kisha akaondoka zake.

Kwa hili serikali ya Marekani, pamoja na uzito wa miguu yake, ilifanya angalau jambo moja ambalo Walter hakulifanya kwa hiari. Tarehe 16 Mei 1997 Rais Clinton aliwaomba radhi wazee weusi wa Alabama, mabaki ya watu 600 wa Tuskegee, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende na waliangaliwa tu na idara ya afya tangu 1932 hata 1972, ilhali penisilini ilikuwa imejulikana kuwa dawa yake tangu miaka ya arobaini. Radhi ilichelewa kupita kiasi, na wengi walikuwa makaburini. Lakini ilisemwa mbele ya nyuso, na Herman Shaw, mwenye umri wa miaka 94, akapanda jukwaani akasema lake.

Watunzi wa Fringe nao walijaribu kulilipa deni la mzee mwishoni, kwa kumpeleka katika zama zijazo, asimwone mwanawe tena, ili dunia iokoke. Na Peter akaletewa tulipu jeupe kwa posta. Mpwa wangu alitosheka. Mimi nilimwuliza habari za watoto wa Jacksonville. Mwishoni mwa msimu wa pili, Walter na Olivia walipovuka kwenda ulimwengu wa pili kumrudisha Peter, walifuatana na watatu wa watoto wale, ambao sasa ni watu wazima, Nick Lane, Sally Clark na James Heath, kwa kuwa dawa ya utotoni ndiyo iliyowapa nguvu ya kuvuka. Na wote watatu wakafa huko, katika safari ya kumtafuta mwana wa mtu aliyewadunga. Wala hapana bahasha iliyokwenda kwa jamaa zao. "Mjomba," aliniambia, "hawawezi kumlilia kila mtu, kipindi kina muda wake." Nikamjibu kwamba walikuwa na sehemu 100.